Shajara ya Suruali Moja ya Jinzi: Nakshi za Mkono Juu ya Uchakavu

Februari, mwanzoni

Suruali ninayoanza kuishughulikia ni ya jinzi, buluu iliyokoza, niliyoinunua mitumbani Kongowea, Mombasa, miaka kadhaa iliyopita na kuivaa hadi ikafikia hali ambayo wengi huitoa iwe kitambaa cha kufutia pikipiki. Nimeitandaza mezani karibu na dirisha nikaipitia kwa vidole kutoka kiunoni hadi pindoni, kwa sababu kabla ya kuchagua urembo wa aina yoyote nilitaka kujua nguo imechakaa wapi na imechakaa vipi. Goti la kushoto limefunguka kwa upana wa kiganja, na kilichobaki pale ni nyuzi nyeupe za mlalo zilizoning'inia kama ngazi iliyokosa miguu. Goti la kulia bado ni zima kwa macho, lakini ukiliinua kwenye mwanga unauona mkono wako upande wa pili. Msamba umekonda pande zote mbili za mshono, pindo la nyuma limesagwa na visigino, na pembe moja ya mfuko wa nyuma wa kulia, ambamo simu hukaa kutwa, imeanza kuachia.

Nyuzi hizo nyeupe za gotini zinastahili maelezo, kwa kuwa ndizo zitakazoamua nakshi. Denimu, yaani kitambaa cha jinzi, hufumwa kwa mtande, nyuzi za wima, uliotiwa rangi ya buluu ya nili, na mshindio, nyuzi za mlalo, ulioachwa bila rangi. Kila uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha chini ya mmoja, na hatua hiyo husogea kidogo katika kila mstari, ndiyo sababu upande wa nje una mistari ya hanamu na rangi ya buluu ilhali upande wa ndani unaelekea weupe. Kwa kuwa mtande ndio ulio juu, ndio unaopokea msuguano, nao hukatika mapema wakati mshindio uliojificha chini yake ungali na nguvu. Aidha, nili haipenyi hadi kiini cha uzi: viwandani nyuzi hutumbukizwa katika rangi na kutolewa hewani mara kadhaa, rangi ikajijenga tabaka juu ya tabaka kwenye uso, na kiini kikabaki cheupe. Mahali palipopauka, basi, ni mahali palipo karibu kukatika, na goti hutoa taarifa hiyo miezi mingi kabla ya kutoboka kwa yeyote anayejali kuangalia.

Kutokana na hayo nimejiwekea sharti la kwanza la mradi. Nyuzi zilizopotea gotini ni za wima, kwa hiyo nakshi yoyote nitakayoichagua lazima iwe na mistari mingi ya wima, nayo ianzie na kuishia katika kitambaa kizima, angalau upana wa vidole viwili nje ya tundu. Maua makubwa ya kudarizi, ambayo yanapendeza sana katika picha, yameondoka katika hesabu hapo hapo: ua hulundika uzi mwingi mahali pamoja, na ukingo wake mzito huanza kukikata kitambaa dhaifu kinachouzunguka.

Februari, katikati

Mtindo nilioamua kujifunza ni sashiko, ushonaji wa Kijapani wa kupiga bandi, yaani mishono mifupi inayopita juu na chini ya kitambaa kwa zamu, kwa uzi mweupe wa pamba juu ya kitambaa kilichotiwa nili. Ulikua miongoni mwa wakulima na wavuvi katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, ukastawi hasa kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako majira ya baridi ni makali na mpamba haukubali kuota vizuri. Katika milki ya Tsugaru, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Aomori, wakulima walizuiwa kuvaa nguo za pamba, wakavaa za hempu, mmea mwingine wa nyuzi, zenye nafasi pana kati ya nyuzi ambazo hupitisha upepo. Wanawake wakaziba nafasi hizo kwa uzi wa pamba, mstari baada ya mstari, hadi nguo ikawa nzito na yenye joto, na kazi hiyo ikazaa nakshi za umbo la almasi zinazojulikana kama kogin. Wazimamoto wa mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, nao walivaa makoti ya pamba ya tabaka kadhaa yaliyoshonwa kwa namna hiyo, wakayalowesha maji kabla ya kuukabili moto.

Inafaa kulinganisha na ile mishono ya upinde iliyoko kwenye mifuko ya nyuma ya jinzi za kampuni ya Levi's. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilipobana matumizi ya uzi, mishono hiyo ilihesabiwa kuwa pambo tupu, na kampuni ikawa inaichora kwa rangi ili mfuko uendelee kutambulika. Mshono ambao unaweza kuondolewa na rangi ikachukua nafasi yake, suruali isipungukiwe na chochote, sina haja nao katika kazi hii. Nikiweka uzi mahali, nataka uondoapo uzi huo suruali ipasuke.

Februari, mwishoni

Vifaa havikuwa vigumu kupatikana, ingawa hakuna hata kimoja kilichotengenezwa mahususi kwa sashiko. Uzi wa asili wa kazi hiyo ni wa pamba, umesokotwa kwa ulegevu na hautenganishwi. Mahali pake nimechukua uzi wa kudarizi wa kampuni ya DMC, ambao fungu lake lina urefu wa mita 8 na nyuzi sita zinazoachana, ili niweze kupima unene mwenyewe. Uzi wa cherehani wa poliesta nimeukataa kwa ushauri wa fundi mmoja wa mtaani, ambaye anasema uzi ulio imara kuliko nguo huila nguo. Sindano ni ndefu, yenye tundu pana na ncha kali, kwa sababu katika ushonaji huu mtu hubeba mishono minne au mitano kwenye sindano kwa mpigo mmoja kabla ya kuvuta. Kastabani ya chuma ninayo, rula ninayo, na chaki ya fundi nimeichonga kwa kisu hadi ikawa na ukingo mwembamba.

Kwa kiraka cha ndani nimechagua kaniki kuukuu iliyokuwa sandukuni, iliyofuliwa hadi ikalainika kabisa. Nimeikunja mara mbili. Faida yake ni kwamba weusi wake utaonekana nyuma ya zile nyuzi nyeupe zilizobaki, nazo zitakuwa sehemu ya nakshi badala ya kuwa kitu cha kufichwa. Na kwa vile ni nyembamba kuliko denimu, haitaweka ngazi ngumu gotini ambayo ingeanzisha mpasuko mpya kwenye ukingo wake. Kiraka kigumu kuliko nguo ni kosa ambalo hata mafundi wenye cherehani nzuri hulirudia, halafu goti hupasuka tena sentimita moja pembeni mwa kiraka na mteja akalaumu kitambaa.

Kabla ya kuigusa suruali yenyewe nimefanya majaribio kwenye mguu wa jinzi nyingine niliyoikata kuwa kaptula. Nilishona mistari kwa nyuzi mbili, nne na sita, na kwa mishono ya urefu wa milimita 3, 4 na 6. Nyuzi mbili huzama katika mistari ya hanamu ya denimu zisionekane vizuri. Sita huonekana vizuri mno, lakini kuzipitisha katika tabaka tatu kunachosha kidole, na kila tundu linabaki wazi kuzunguka uzi. Nne zinatosha. Mishono ya milimita 6 hunaswa na kucha na funguo, ya 3 huifanya kazi iende kwa mwendo wa kobe bila faida inayoonekana, na ya 4 inakaa imara. Kisha nilikifua kipande kile. Maji ya uvuguvugu yalitoa nili nyingi, na uzi mweupe ukawa na rangi ya anga la asubuhi. Katika maji baridi rangi iliyohamia ilikuwa kidogo. Watu hushauri siki na chumvi ili rangi ishike, lakini hizo hazifungi nili. Kinachosaidia ni kuisuuza nguo tena na tena kabla ya kuanza, hadi maji yatoke karibu safi, na hivyo ndivyo nilivyoifanyia suruali kabla ya kuianika kivulini.

Machi, goti la kushoto

Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mwingi, na ndiyo yenye mambo ya kuelezwa. Kwanza nilifungua mshono wa nje wa mguu kuanzia juu ya goti hadi chini yake, kwa sababu mguu wa suruali ni bomba na mkono hauwezi kushona vizuri ndani ya bomba. Kuufunga tena kwa cherehani ni kazi ya dakika chache. Niliweka kaniki ndani, nikaibana kwa bandi ndefu za uzi mwekundu zitakazotolewa baadaye, kisha nikachora mistari ya wima yenye nafasi ya milimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Nyuzi za mshindio zilizoning'inia sikuzikata. Nilizinyoosha kwa ncha ya sindano, nikazilaza kila moja mahali pake, na kila mstari wa wima ulipofika kwenye tundu uliziruka baadhi na kupita chini ya nyingine, kama mtande uliopotea ulivyokuwa ukifanya.

Nakshi niliyoichagua ni ile ya misalaba midogo. Huanza na mistari ya bandi ya wima peke yake; mistari yote ikiisha, hugeuzwa mwelekeo, na kila mshono wa wima hukatwa katikati na mshono mfupi wa mlalo. Niliichagua kwa sababu hatua ya kwanza inafanya kazi yote ya kushikilia na ya pili inaufunga uzi wa kwanza usinaswe, ingawa siwezi kukana kwamba inapendeza pia. Nakshi mashuhuri zaidi za Kijapani, kama vile mawimbi yaliyopangana na jani la hempu lenye ncha sita, zina mistari ya mviringo au ya hanamu. Hizo nimeziweka kwa ajili ya goti la kulia, ambalo halijapoteza mtande.

Ufundi wenyewe una kanuni ambazo mwanzoni nilizichukulia kuwa mapambo ya walimu, lakini mkono umezithibitisha. Mshono wa juu uwe mrefu kidogo kuliko wa chini, kwa kadiri ya tatu kwa mbili. Sindano itulie na kitambaa ndicho kisogezwe kwake, kikikunjwa na kukunjuliwa kwa vidole vya mkono wa kushoto, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kuchoma na kuvuta mshono mmoja mmoja linahitaji uvumilivu. Kila mstari unapoisha, kitambaa kishikwe ncha zote mbili kinyooshwe kwa nguvu ya wastani, ili uzi ugawe ulegevu wake sawasawa. Na unapogeuka kuanza mstari unaofuata, uachwe upande wa ndani kitanzi kidogo kisichovutwa. Goti hukunjwa kila mtu anapoketi, na uzi usio na akiba ya kitanzi hukunja nguo au hukatika. Fundo halitumiki: mtu hurudi nyuma juu ya mishono mitatu au minne ya mwisho na kukata uzi hapo, kwa hiyo hakuna uvimbe unaosugua ngozi.

Mistari ya mwanzo na ya mwisho haifanani. Ile ya kushoto kabisa ina mishono inayotofautiana urefu na inapinda kidogo kuelekea mshono wa ndani, na kadiri jicho linavyokwenda kulia mistari inatulia. Sitaifumua, kwa kuwa inashikilia kama zile nyingine.

Machi, mfuko wa nyuma

Pembe za mifuko ya jinzi zina historia yake. Jacob Davis, fundi wa nguo katika mji wa Reno, Nevada, ndiye aliyeanza kuweka ribiti, yaani misumari midogo ya shaba, kwenye pembe hizo ili zisiachie, akaungana na mfanyabiashara aliyemuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na wawili hao wakapewa hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi huo, tarehe 20 Mei 1873. Suruali yangu ina ribiti kwenye mifuko ya mbele, lakini mfuko wa nyuma umeshonwa tu kwa uzi mnene wa cherehani, na ni hapo ulipoachia. Nilitaka kitu cha kushikilia pembe hiyo ambacho si ribiti, nikakumbuka viua, vile vijitundu vya kofia vilivyozungushiwa uzi.

Jirani yetu ni mama wa makamo anayeshona kofia za viua, zile nyeupe za mkono ambazo wanaume wa pwani huvaa na kanzu siku za Ijumaa na harusini. Kofia ya namna hiyo hushonwa kwa tabaka mbili za kitambaa, huchorwa nakshi, kisha hutobolewa vijitundu vingi sana na kila kijitundu kikazungushiwa uzi. Moja huweza kumchukua mshonaji miezi. Nilikwenda kwake na suruali mkononi. Aliigeuza ndani nje, akalitazama goti, akacheka kidogo.

“Mwanangu, watu huzitupa hizi, nawe waipamba?”

“Naifunza mikono, mama. Nataka viua viwili hapa pembeni, vishike mfuko.”

“Haya, keti. Lakini mkasi uweke. Tundu la kiua hulikati, walisukuma nyuzi zikupishe.”

Hilo la kusukuma nyuzi ndilo kiini cha kazi yote. Kwa msharasi wenye ncha laini alizitenga nyuzi za denimu polepole, akizungusha, hadi tundu likafikia upana wa punje ya mtama bila uzi hata mmoja kukatika. Akapiga bandi ndogo kulizunguka, kisha akaanza kulizungushia uzi, kila mshono ukitoka katikati ya tundu kwenda nje na kubanana na mwenzake, akivuta kila mmoja kwa nguvu ile ile. Nyuzi zilizosukumwa pembeni zimebanwa pamoja ndani ya uzi huo, kwa hiyo ukingo wa tundu una nguvu kuliko kitambaa kilichokuwapo kabla ya kutobolewa. Alinishonea cha kwanza na kuniachia cha pili. Changu kimekuwa na umbo la yai, jambo alilosema ni la kawaida kwa mkono unaovuta zaidi upande mmoja, na dawa yake ni kugeuza nguo badala ya kugeuza mkono.

Denimu ni nzito kuliko kitambaa cha kofia, na kwa hiyo viua hivyo havikuwa laini kama vyake. Lakini pembe ya mfuko imetulia. Niligundua pia kwamba kazi ya kofia na kazi ya sashiko zinadai vidole tofauti kabisa. Katika sashiko mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa, na katika viua ni wa kulia, hasa kidole gumba kinachobana uzi usilegee wakati sindano inarudi. Ujuzi wa moja haukunisaidia sana katika nyingine, isipokuwa katika kutambua uzi umevutwa kiasi gani kabla macho hayajaona.

Aprili, msamba na pindo

Hapa hapana mengi. Msamba haufai nakshi. Msuguano wa mapaja ungeusaga uzi mnene wa pamba kwa muda mfupi, na uvimbe wa mishono ungemuumiza mvaaji. Niliweka kaniki ya tabaka moja ndani na kupiga mistari iliyobanana ya uzi mwembamba wa buluu, kwa cherehani, mbele na nyuma. Pindo nililikata sehemu iliyosagika, nikalikunja upya na kulishona kwa mkono kwa mstari mmoja mweupe, ili mguu usionekane kuwa na goti lililotoka katika suruali nyingine.

Mei, baada ya kuvaliwa na kufuliwa

Suruali imekwisha valiwa kazini na sokoni, na imefuliwa kwa maji baridi na sabuni ya mche, ikianikwa ndani nje. Weupe wa uzi umepungua na kuelekea buluu hafifu, mabadiliko ambayo kwa maoni yangu yameipa nakshi utulivu uliokosekana mwanzoni, ilipokuwa inang'aa kupita kiasi. Goti halijavuta wala kukunjamana, na vile vitanzi vya ndani, ambavyo vilikuwa vimelegea wazi siku niliyovishona, sasa vimenyooka karibu vyote. Maana yake goti limeitumia akiba yake yote, na katika kazi ijayo nitaviacha vikubwa zaidi kwenye mistari ya katikati, mahali mkunjo unapoanzia. Misalaba iliyo juu kabisa ya ncha ya goti imeanza kuota manyoya. Nyuzi za DMC zina mng'ao unaotokana na ulaini wake, na ulaini huo huo ndio unaozifanya zisagike mapema kuliko uzi uliosokotwa.

Kwa goti la kulia, basi, nimenunua uzi wa pamba wa kudarizi uliosokotwa, namba 8, ambao hauachani. Kwa kuwa goti hilo bado lina mtande wake, nimechora jani la hempu, mistari ya wima kwanza, kisha ya hanamu, na katika kila mahali mistari inapokutana sindano itaruka makutano ili nyuzi nyingi zisirundikane katika tundu moja. Kaniki imebanwa, mshono wa nje umefunguliwa, na chaki inabidi ichorwe upya kila jioni kwa sababu inafutika kwa joto la mkono. Jirani amependekeza kalamu ya risasi ngumu, ambayo yeye huchorea kofia, na nitaijaribu kwanza kwenye kile kipande cha majaribio nione kama inatoka kwa sabuni.